Presha ya Mgeni Rasmi

Ilikuwepo, na kwa neema ya walioishikilia bado ipo, nchi moja iitwayo Makaribisho. Ukifika mpakani mwake huulizwi kwanza unatoka wapi. Kwanza unaimbiwa. Kwaya ya Uhamiaji, wanaume kwa wanawake, hukupanga mstari juani na kukuimbia wimbo wa kukaribisha, beti zote, na mgeni anayejaribu kuupita mlango kabla ya ubeti wa mwisho hurudishwa nyuma ya foleni aanze kukaribishwa upya.

Sikudhani binti Athumani alisimama akausikiliza wimbo wote huku miguu ikimuwaka moto. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Alitoka nchi ya jirani, Mabondeni, ambako serikali na waasi walikuwa wakibishana kwa mizinga, na mabishano yenyewe yalikuwa yameshaingia mtaani kwao. Mumewe, Chande, alimtangulia kwa miezi michache, akapata kazi ya kupaka rangi kaulimbiu za serikali ukutani. Kazi ya uhakika hiyo, maana Makaribisho ina kaulimbiu nyingi kuliko kuta. Ukimaliza kuandika moja unaanza kuifuta uandike nyingine. Tatizo lake ni moja tu: walimpeleka mikoani, akawa harudi nyumbani ila kwa nadra.

Mimba hii ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilimponyoka. Kule Mabondeni aliamka asubuhi moja kichwa kinamgonga, anaona vimulimuli mbele ya macho, wakamwambia ni jua. Walipokuja kumpima, mtoto alikuwa ameshakwenda, na yeye mwenyewe walimrudisha kwa kumvuta. Mkunga aliyemhudumia alikaa pembeni ya kitanda chake akamwambia, "Binti, ukishika nyingine usikae ukaipenda tu. Ipime. Wewe ni mtu wa kupimwa presha kila mara, usimwachie mtu akakwambia ni jua."

Sikudhani alivuka mpaka na maneno hayo. Hakutaka nyumba, hakutaka maziwa, na Mungu anajua hakutaka kwaya. Alitaka mtu amfunge kile kitambaa mkononi, akipige upepo, amwambie kinasema nini.

*

Zahanati ya Mfano ya Mama na Mtoto ilikuwa mwanzo wa mtaa, nyeupe pee, na chemchemi ya maji mbele yake. Iliitwa ya mfano kwa sababu zahanati nyingine zote zilitakiwa kuiga kwake, na ili ibaki safi ya kuigwa, wagonjwa hawakuwa wakiingia ndani. Walihudumiwa dirishani.

Nyuma ya dirisha alikaa Nesi Melania, mwanamke wa makamo, sauti laini, kofia imenyooshwa kwa pasi.

"Karibu sana, mama. Karibu mno. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kuanza kliniki, dada. Naomba kupimwa presha."

"Hongera! Na hiyo mimba umeipatia wapi?"

Sikudhani alidhani hajasikia vizuri. "Kwa mume wangu."

"Mumeo sina shaka naye. Naulizia mahali. Hapa nchini au nje?"

"Nyumbani. Mabondeni."

Nesi Melania aliweka kalamu chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. "Basi hiyo ni mimba ya nje. Mpakani ulihesabiwa mtu mmoja. Hapa mbele yangu mpo wawili. Nikikupima wewe, na damu yenu ni hiyohiyo moja, nitakuwa nimemhudumia mtu ambaye serikali haijamwona akiingia. Watanifukuza kazi, mama yangu."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Kitu kilichoingia nchini bila kutangazwa, mahali pake ni Forodha. Ukitoka huko, njoo. Karibu sana."

Dirisha likafungwa polepole. Lilikuwa limewekewa mpira pembeni lisije likawashtua wajawazito.

*

Forodha alipanga foleni kati ya mwanamume mwenye tenga la vifaranga na mume na mke waliokuwa wakibishana kama sofa lao ni jipya au limetumika. Pembeni, chini ya banda, ng'ombe watatu walikuwa wakiingizwa mmoja mmoja. Daktari wa mifugo, mwenye buti za mpira, alikuwa akiwapapasa matumbo, akiwasikiliza mapigo, akiwasemesha kwa upole. Sikudhani akabaki anawaangalia wale ng'ombe. Hakujua anaangalia nini, ila jicho halikutoka.

Afisa aliyempokea aliitwa Bwana Mfaume, mtu mwenye tumbo la heshima na kitabu kinene cha bidhaa. Alisikiliza, akalamba kidole, akaanza kupekua.

"Mimba, mimba, mimba... Ahaa! Ipo. Ng'ombe mwenye mimba. Mbuzi mwenye mimba. Punda pia yupo."

"Mimi si ng'ombe, baba."

"Ndiyo shida yenyewe," alisema Bwana Mfaume kwa huruma ya kweli. "Ungekuwa ng'ombe saa hizi ungekuwa umeshahudumiwa, uko njiani unakwenda nyumbani."

Alimwita mwenzake, mwenzake akamwita mkuu wao, mkuu akapiga simu makao makuu. Wakasimama wote watatu wakimzunguka Sikudhani, wakilitazama tumbo wakiwa wameinamisha vichwa upande, jinsi watu wanavyotazama gari lililogongwa. Mmoja alisema ni mzigo uliofichwa. Mwingine akasema haujafichwa, unaonekana tangu barabarani. Mwishowe mkuu alishusha simu, akakohoa, akatoa hukumu.

"Makao makuu yameelekeza hivi. Kilichoingia ni kitu ambacho hakijakamilika. Kitakamilikia hapa, kwa ugali wa hapa na maji ya hapa. Kwa hiyo huu ni uzalishaji wa ndani, na Wizara ya Viwanda imeshauhesabu kwenye ukuaji wa mwaka huu. Forodha haikudai kitu. Uko huru, mama."

"Nashukuru. Mtaniandikia basi, nikawaonyeshe zahanati?"

"Tukikuandikia itaonekana tulikuwa na mashaka."

Sikudhani alisogea hatua, akarudi. "Na yule daktari pale bandani, hana kipimo cha presha?"

Bwana Mfaume alivuta pumzi, akafunga kitabu. Aliumia moyoni. "Mama," alisema, "jiheshimu. Wewe ni binadamu."

*

Aliporudi zahanati, dirisha lilikuwa na pazia. Zahanati imefungwa kwa maandalizi ya Wiki ya Mjamzito, askari wa mlangoni alimweleza, akimtaka asiikanyage rangi mbichi.

Sikudhani hakukaa chini. Kuanzia siku hiyo alikuwa mtu wa kutembea tu. Alikwenda zahanati ya mtaa wa pili, wakamwambia wao wanaiga ile ya mfano, na ile ya mfano imefungwa. Alikwenda duka la dawa, mwenye duka akafungua kabati tupu, akamwonyesha vumbi pale kipimo kilipokuwa. Wilaya imekusanya vipimo vyote vya presha mjini, alisema, vikawekwe kwenye maonyesho. "Itapendeza sana," alisema mwenye duka kwa unyonge. "Meza nzima vipimo vitupu."

Usiku akilala alikuwa akigeuka huku na huku, mkono juu ya tumbo, akimngoja mtoto apige teke. Akipiga, anamngoja apige tena. Mchana akifua, anaacha nguo majini, anatoka hadi barabarani, anaangalia upande wa zahanati kama vile pazia linaweza kuonekana kwa mbali limefunguliwa. Akampigia Chande simu. Chande alikuwa juu ya ngazi mji mwingine, anaandika neno AFYA lenye urefu wa ghorofa mbili.

"Nije?" aliuliza.

"Ukija utanipimia nini? Maliza kazi uje," alimjibu, na alipokata simu akalia, kisha akafuta uso akatoka tena kutembea.

Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nane asubuhi ile jirani yake, Mama Pendeza, alipomwona mlangoni akaacha vitumbua vyake kwenye mafuta. Mama Pendeza naye alitoka Mabondeni, miaka mingi nyuma, na mtaani hapo alikuwa kama dada wa kila mtu.

"Sikudhani, uso wako una nini? Umevimba."

"Kichwa, dada. Kichwa kinauma tangu jana."

"Unaona vizuri?"

Sikudhani alifikicha macho. Pembeni ya jicho lake kimulimuli kimoja kilikuwa kimewaka, kikazima.

Hapohapo mtaani ikaingia pikapu yenye vipaza sauti, na nyuma yake, ameshikilia bomba la gari mkono mmoja na kofia mkono mwingine, amesimama Nesi Melania.

"Wajawazito wote! Wajawazito wote mnahitajika uwanjani! Mheshimiwa Waziri anakuja kuzindua Wiki ya Mjamzito! Fulana bure, soda bure!"

Hali ilikuwa hivi. Wake za wakubwa walikuwa wamekwenda kuzalia ng'ambo, kama ada. Wenyeji wengine waliobaki walikuwa wameshawahi kuhudhuria Wiki ya Mjamzito, wakajifungia ndani. Saa za sherehe zilikuwa zinakaribia na viti vya mbele vilikuwa vitupu, na hapo ndipo mtu mmoja ofisini alipokumbuka mtaa wa wageni.

Sikudhani alilifuata lile gari akihema. "Dada, si ulisema sisi tupo wawili? Si ulisema mmoja hajahesabiwa?"

Nesi Melania alitazama pembeni. "Leo," alisema kwa sauti ya chini, "wanawataka wawili wawili."

"Usiende," Mama Pendeza alimshika mkono. "Watakusimamisha juani wewe, na hali hiyo."

"Vipimo viko huko, dada yangu. Vyote. Niache niende."

*

Uwanja ulipendeza kweli. Turubai la meza kuu lilikuwa na feni, na turubai la wajawazito lingekuwepo kama lisingetumika kuongezea la meza kuu. Wajawazito walivalishwa fulana nyeupe zenye picha ya Waziri. Ya Sikudhani ilimbana, na uso wa Mheshimiwa ukatanda tumboni, mashavu yamevimba, anacheka kuliko anavyocheka mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Mheshimiwa Fikirini Makofi, Daktari wa Heshima, Waziri wa Mapokezi, Uzazi na Kaulimbiu. Alishika kipaza sauti, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akawataja wote waliohudhuria, mmoja baada ya mwingine, hadi dereva wa jenereta.

"Ndugu zangu," alisema baada ya hapo, "wajawazito oyee!"

"Oyee," walijibu wajawazito, waliokuwa wakiangalia chupa za maji kwenye meza kuu.

"Serikali yenu sikivu inawapenda. Nataka niseme, na waandishi mniandike vizuri: katika nchi hii hakuna mama atakayefariki bila serikali kuwa na taarifa! Tumejipanga. Tunaendelea kujipanga. Na tukimaliza kujipanga, ndugu zangu, hatutabweteka, tutajipanga upya!"

Makofi. Bendi ikapiga kidogo.

Ndipo likaja tukio kubwa la siku. Ili kuwapa wajawazito mfano bora, Mheshimiwa Waziri mwenyewe angepimwa presha hadharani. Alikunja shati, akakaa kwenye kiti chenye kitambaa cha dhahabu. Dokta Yunge, mwanamke mwembamba aliyeletwa kutoka hospitali ya rufaa kwa kazi hiyo moja tu, akamfunga kitambaa mkononi. Uwanja ukanyamaza. Kamera zikasogea.

"Mia na thelathini kwa themanini na tano," alisema Dokta.

"Mia na thelathini!" alipokea mshereheshaji kwa kelele. Watu wakapiga vigelegele. Waziri akapunga mkono kwa unyenyekevu. Kisha Dokta Yunge akaamriwa akunje vifaa, kwa kuwa kipengele hicho kimeisha na kinachofuata ni ngonjera.

Sikudhani aliona kile kitambaa kinakunjwa, kinaingizwa mfukoni. Alisimama. Vimulimuli vilikuwa sasa vimejaa, vinacheza mbele yake kama makaa yanayopulizwa, na katikati yake aliona njia nyembamba ya kwenda jukwaani. Akaishika. Wanausalama wawili walimwahi kwenye ngazi, wakanyoosha mikono wamrudishe, mikono ikagandia hewani. Pa kumshika hapakuwepo. Kote mbele ilikuwa ni uso wa Waziri, na hakuna kati yao aliyekuwa tayari kuonekana kwenye televisheni anausukuma uso wa Waziri.

Akapanda. Akakaa kwenye kiti cha kitambaa cha dhahabu. Akanyoosha mkono.

"Nipimeni."

Mshereheshaji alimtazama Waziri, Waziri akaitazama kamera, kamera ilikuwa inawaka. Akatabasamu. "Mpimeni! Si mnaona? Mfano wangu umeshaanza kuigwa!"

Dokta Yunge alifunga, akapiga upepo, akasikiliza. Akaachia. Akafunga tena, akapima upya, na safari hii aliposoma alisahau kuwa kipaza sauti kiko mbele yake.

"Mia na sabini na tano. Chini mia na ishirini."

"Mia na sabini na tano!" Waziri aliruka kutoka alipokuwa. "Ndugu zangu, mgeni amenishinda! Mimi mia na thelathini, yeye mia na sabini na tano! Hii ndiyo Makaribisho! Hapa mgeni hupewa kuliko mwenyeji! Mpigieni makofi!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Nesi Melania, chini ya jukwaa, naye alikuwa ameanza kupiga pamoja na wengine. Kisha namba ikamfikia. Viganja vyake vikabaki vimeachana.

"Mheshimiwa," Dokta Yunge alisema, akijaribu kuficha mdomo kamera isimwone, "huyu mama anaweza kuanguka degedege sasa hivi. Afe yeye na mtoto. Anatakiwa hospitali."

"Suala hilo tumelipokea," alijibu Waziri bila kuacha kutabasamu, "tunalifanyia kazi."

Nyuma ya jukwaa palikuwa na gari la wagonjwa, jipya, limefungwa utepe mwekundu kutoka kioo hadi kioo. Dokta Yunge alikuwa ameshamshika Sikudhani kwapani anamshusha kuelekea huko. Afisa itifaki akawazibia njia, amenyoosha mikono.

"Haliwezi kutumika hilo! Linazinduliwa siku ya kufunga Wiki!"

"Huyu mtu hafiki siku ya kufunga Wiki!"

"Basi mngesema mapema, tungeliweka kwenye ratiba!"

Wakati wakibishana, mtu aliwapita upande. Alikuwa ni Nesi Melania, kofia imeanguka, ameshika mkasi wa uzinduzi aliouchukua kwenye mto wake wa mahameli. Mara ya kwanza mkasi uliteleza, akakata tena, utepe ukakatika.

Sasa bendi, iliyokuwa imefundishwa kwa wiki nzima, ilijua jambo moja: utepe ukikatika, unapigwa wimbo wa taifa. Ikaupiga. Na sheria ya Makaribisho iko wazi kuhusu wimbo wa taifa. Waziri akaganda, mkono kifuani. Afisa itifaki akaganda mikono yake ikiwa bado imetanuka. Wanausalama, mshereheshaji, watoto wa ngonjera, wote kimya, wima, macho mbele, huku Dokta Yunge akimlaza Sikudhani ndani, Melania akiruka nyuma na kuvuta mlango. Dereva peke yake ndiye aliyekaa, na baadaye alijitetea kuwa ndani ya gari wimbo haukusikika vizuri.

*

Hospitalini walimchoma sindano ya kuzuia degedege, wakamtundikia dripu, wakamwambia mtoto lazima atolewe leo, hawezi kungoja. Sikudhani aliuliza swali moja, "Yu hai?" Wakampa asikilize mapigo. Aliyasikiliza hadi dawa ya usingizi ilipomchukua.

Alipozinduka Chande alikuwa pembeni ya kitanda, ana rangi ya kijani masikioni, analia kwa kucheka. Mtoto wa kike. Njiti, mdogo hata unaogopa kumtazama kwa nguvu, lakini anapumua. Wakamfunga kwa khanga juu ya kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, wakamwambia hapo ndipo atakapokulia mpaka atakapoongezeka uzito.

Nesi Melania alipewa karipio kali kwa kukata utepe bila idhini na, kwa kuwa picha yake akikata ilipendeza magazetini, akapewa nishani pia. Vyote viwili alikabidhiwa siku moja, kwa mkono mmoja. Waziri alifika wodini na waandishi, akampa Sikudhani picha yake kubwa yenye fremu, akamwambia aendelee hivyohivyo kushika nafasi ya kwanza.

Kitanda cha pili alilala mwanamke aitwaye Dafroza. Huyu alikuwa mwenyeji, mzaliwa wa mjini hapo, bibi yake na babu yake wa hapo. Naye alikuwa amekwenda mara mbili kwenye ile Zahanati ya Mfano, akakuta pazia, akaambiwa arudi Wiki ikiisha. Hakuwahi. Kaka yake ndiye aliyekuja kumchukua mtoto kwenda kumzika. Tangu hapo Dafroza alikuwa amelala ameelekea ukutani, na maziwa yalikuwa yanamlowesha nguo.

Juu ya mlango wa wodi palikuwa na redio. Ilikuwa haina kitufe cha kuzimia wala cha kupunguzia, ndivyo zilivyoagizwa. Mchana wa siku ya kufunga Wiki ilikuwa inatoa tathmini.

"...Wiki imefana kwa asilimia mia moja. Wajawazito wote walifikiwa. Hakuna hata mama mmoja aliyempoteza mtoto katika kipindi chote cha Wiki, na Mheshimiwa Waziri amesema..."

Dafroza alivuta khanga akajifunika kichwa. Chini ya khanga mabega yakawa yanatikisika.

"Nesi," Sikudhani alimwita nesi wa zamu. "Zima hiyo redio."

"Haizimwi, mama. Ni ya serikali."

"Punguza basi."

"Haipungui."

Redio ikaleta makofi. Makofi mengi, yaliyorekodiwa uwanjani.

Sikudhani alishusha mguu mmoja, kisha wa pili. Mshono ukamvuta, akauma meno. Nesi alisema, "Mama, wewe huruhusiwi kuinuka," lakini hakumfuata. Akatembea ameshika ukuta kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine. Waya wa redio ulikuwa unashuka pembeni ya mlango. Alilipita kopo la taka, akaukunja ule waya kiganjani mara mbili, akauvuta.

Wodi nzima ikageuka kumtazama. Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa kiganja. Palikuwa kimya kiasi kwamba uliweza kusikia dripu zikidondoka, na kitu kingine chembamba, kama mtu anayekuna kitambaa kwa ukucha. Alikuwa ni mtoto anapumua.

Dafroza alitoa kichwa kwenye khanga. Macho yamevimba, mekundu.

"Huyo ndiye?"

"Ndiye."

"Anavuta vizuri?"

"Anavuta."

Dafroza alijiinua kwa kiwiko. "Nimpakate? Kidogo tu."

Huko koridoni viatu vya mtu vilikuwa vinakuja kwa haraka, kuja kuuliza nani amekata matangazo ya serikali. Sikudhani alikaa ukingoni mwa kitanda cha mwenzake, akafungua fundo la khanga, akamtoa mtoto kwenye joto la kifua chake akamlaza juu ya kifua cha Dafroza, akawafunika wote wawili. Mkono wake mmoja akauacha palepale, juu ya ule mgongo mdogo. Viatu vikafika mlangoni, vikasimama. Hakuna aliyegeuza kichwa.